Shanta na Kikapu cha Zabibu

Sauti za Busara haina mahema. Anayefunga mizigo kwa ajili ya tamasha hilo la muziki la Mji Mkongwe, Unguja, inabidi alijue hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu mawaidha mengi yanayozagaa kuhusu matamasha ya muziki yametoka nchi ambako watazamaji hulala uwanjani. Binamu yangu aliyesoma Uingereza aliposikia naenda Unguja aliniandikia orodha ndefu: hema, godoro la kujaza upepo, koti la mvua, mabuti ya mpira yanayofika magotini, karatasi za msalani. Yeye alishawahi kwenda Glastonbury, tamasha lililoanza mwaka 1970 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Somerset, enzi ambapo tiketi ilikuwa pauni moja na maziwa ya bure juu yake. Sasa hukusanya watu zaidi ya 200,000, na mvua ikishika, shamba zima hugeuka tope. Kwa kule, orodha yake ni sahihi kabisa. Hata hapa kwetu Afrika Mashariki, anayekwenda Nyege Nyege kule Jinja atashukuru kuwa na hema. Mimi nilikuwa naelekea mjini kwa watu, mahali ambapo wenyewe wanauza samaki, wanasali na kupeleka watoto skuli, na muziki unapigwa hatua chache kutoka milangoni mwao.

Nikampigia shangazi. Yeye ni Mgogo wa Dodoma kama mimi, lakini aliolewa Unguja zamani, na anakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mama yako mguu umepoa?"

Tulipomaliza mguu wa mama, na ndugu mmoja mmoja, ndipo nikamuuliza nije na nini.

"Haya, sikiliza. Kanga doti mbili. Nguo za pamba zisizobana. Mabega yafunike, magoti yafunike. Huko ndani ya Ngome Kongwe, kwenye tamasha, utacheza utakavyo, lakini njiani unapita mbele ya misikiti na mabaraza ya wazee wa watu. Kitambulisho usisahau. Na uje na pesa ndogo ndogo za kutuza, maana usiku hakuna atakayekuvunjia noti ya elfu kumi."

Maneno yake yalinitosha kuliko orodha yoyote. Hakutaja muziki wala jukwaa, ila njia ya kutoka nyumbani kwake hadi jukwaani na watu waliokaa kando ya njia hiyo. Nimeshawahi kuona wageni, na hasa sisi wa bara, tukiichukulia Zanzibar kama ufukwe mtupu unaongoja tuje tustarehe. Mji Mkongwe una wenyewe. Umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini kabla ya kuwa urithi wa dunia ni mtaa wa watu. Waandaaji wa tamasha nao huwaomba wageni wavae kwa heshima.

Nilitandika kanga ya kwanza kitandani, upande wa ndani ukiangalia juu. Juu yake nikalaza madera mawili ya pamba, kisha blauzi ya mikono mirefu, kisha suruali pana ya kitambaa chepesi. Nguo za ndani nikazijaza kwenye raba ili raba zisibonyee. Nikakunja pindo la kanga juu ya nguo, nikaanza kuviringisha taratibu, huku nikibana kwa viganja hewa itoke, hadi nguo zote zikawa furushi moja nene ambalo kanga imelikamata pande zote. Furushi hilo likaingia wima kwenye shanta, na bado nafasi ikabaki. Uzuri wa kufunga namna hii ni kwamba ukifika unavuta kitu kimoja tu, na nguo hazipotezi pasi yake.

Kanga ya pili nikaiweka juu kabisa, karibu na mkono. Hii ndiyo iliyofanya kazi kuliko kitu chochote nilichobeba. Ndani ya treni yenye kiyoyozi ilikuwa shuka. Kwenye boti ilikuwa mto. Mjini ilikuwa mtandio, Ngome Kongwe ilikuwa mkeka, na alfajiri ilikuwa taulo. Pembeni mwake nilifunga fundo dogo la pesa, kama bibi zetu wote walivyofanya, na fundo hilo likiwa limechomekwa kiunoni hakuna mkono wa mtu unaoweza kulifikia bila wewe kujua. Watu hununua vipochi vya kufichia pesa kwa bei kubwa. Mimi bado naamini pindo la kanga.

Kuhusu pamba, shangazi alikuwa na sababu. Februari ni mwezi wa joto kali Unguja, na joto lake ni la aina nyingine kabisa na letu. Dodoma hewa ni kavu: unatoka jasho, upepo unalikausha, mwili unapoa. Pwani hewa imeshajaa maji, kwa hiyo jasho halina pa kwenda, linabaki juu ya ngozi. Vitambaa vya nailoni na polista vinavyopendeza kwenye picha hulizuia jasho hilo ndani, na mtu anaanza kuumwa na kichwa kabla bendi ya pili haijapanda jukwaani. Pamba hunyonya na kupitisha hewa. Kuna upepo wa kaskazi unaovuma miezi hiyo kutoka baharini, lakini ndani ya kuta za ngome haufiki vizuri.

Mfuko wa pembeni wa shanta ulibeba dawa: Panadol, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini, dawa ya kupaka ya mbu, na chupa tupu ya maji. Kwa ajili ya nguo chafu nilishona mfuko wa kitambaa, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar walitutangulia katika hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho sikuambiwa na shangazi wala binamu, na ambacho ningependa kila anayekwenda kwenye muziki mkubwa awe nacho: vizibo vya masikio. Nimefanya kazi miaka mingi karibu na mashine za kusaga, na najua sikio likishaharibika halirudi. Zile seli ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio, zinazopokea mtikisiko wa sauti, zikifa hazioti nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha, kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Ukisimama mbele ya spika kwa saa nyingi, usiku baada ya usiku, mlio unaousikia ukiwa umelala ni sikio likikulalamikia. Vizibo vya sponji ni bei ndogo na havizidi uzito wa karatasi. Unakisokota kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, unakisukuma ndani, kisha unakishikilia mpaka kivimbe na kujaza nafasi. Muziki unapungua, lakini bado unausikia. Nilibeba jozi kadhaa za kugawa.

Halafu kikapu. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na Februari mashamba ya Dodoma huanza kutoa zabibu. Nilichagua vichala vigumu ambavyo havijaiva sana, nikavipanga kwenye kikapu cha ukili, majani makavu chini, kitambaa chepesi juu, na kikapu hicho sikukiachia tangu nyumbani hadi Michenzani.

Treni ya SGR kutoka Dodoma, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2024, imebadilisha safari hii kabisa. Zamani basi lilimeza siku nzima. Sasa unaingia kwenye mahandaki ya Kilosa huku chai haijapoa, milima ya Uluguru inapita dirishani pale Morogoro, na kabla ya saa nne za safari kutimia uko Dar es Salaam, stesheni ikiwa si mbali na bandari. Nilitembea kwa miguu, na hapo ndipo nilipofurahi kuwa na shanta badala ya sanduku la magurudumu. Wachukuzi wa bandarini huwafuata wenye masanduku kabla hawajashuka kwenye gari. Mwenye mzigo mgongoni anapita kati yao na kusalimiana nao tu.

Kitambulisho kilihitajika kwenye tiketi ya boti, na kingehitajika tena kwenye tamasha, kwa sababu bei ya kiingilio kwa Mtanzania ni nafuu kuliko ya mgeni wa mbali. Niliweka kadi yangu ya NIDA kwenye mfuko wa mbele wa blauzi, si ndani ya shanta. Niliona familia moja imefungua sanduku zima sakafuni ikitafuta kadi, nguo za watoto zimetawanyika, foleni ikisubiri.

Sikuwa nimewahi kuvuka bahari. Safari yenyewe ni kama saa mbili, na nusu ya kwanza niliipenda sana: Dar ikizama nyuma, maji yakibadilika kutoka kijani hadi buluu nzito. Kisha kaskazi ikaanza kutusukuma kutoka upande wa kulia na boti ikaanza kupanda na kushuka. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu, amevaa buibui, alinitazama usoni akanipa kipande cha tangawizi kutoka kwenye mkoba wake.

"Tafuna hii, mwanangu. Na usitazame chini. Tazama kule maji yanapokutana na mbingu."

Nilifanya hivyo. Kichefuchefu cha bahari hutokana na macho na masikio kutokubaliana: sikio la ndani linasema mwili unayumba, macho yaliyokazia kiti cha mbele yanasema umetulia. Ukitazama upeo wa bahari, macho nayo yanaona unayumba, na tumbo linaacha kupambana. Nilimpa bibi kichala kimoja cha zabibu. Akanyofoa chache, kilichobaki akakifunga kwenye leso apelekee wajukuu.

Mji Mkongwe ukajitokeza wote kwa pamoja: kuta nyeupe, minara, jumba la Beit el Ajaib likiwa bado na jeraha la kuporomoka kwa sehemu yake Desemba 2020, na pembeni yake kuta nzito za Ngome Kongwe. Tulishuka adhuhuri ya Ijumaa. Adhana ilikuwa inasomwa, maduka yamefungwa, na wanaume waliovaa kanzu na kofia walikuwa wakipita kwenye vichochoro kwa haraka ya kimyakimya. Nilisimama chini ya baraza, nikatoa ile kanga ya juu, nikajitanda. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akasema, "Karibu, binti," akaendelea na njia yake.

Shangazi alipokea kikapu kabla hajanipokea mimi. Alifunua kitambaa, akanusa, akawaita majirani wa ngazi ile yote, na zabibu zikaisha siku hiyo hiyo.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Imewahi kuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya ile reli ndogo iliyokwenda Bububu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na hushika joto la mchana hadi usiku. Ukiegemea saa tatu usiku unalisikia mgongoni. Uwanja wake hauna paa. Mlangoni mabegi yanapekuliwa, kwa hiyo shanta ilibaki Michenzani na mimi nikaingia na kanga, kadi, chupa, simu na vizibo vya masikio.

Tamasha hili lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2004, likiandaliwa na Busara Promotions chini ya Yusuf Mahmoud, na tangu hapo limeshikilia jambo moja ambalo mimi nalithamini kuliko yote: wasanii hupiga na kuimba hapo hapo, bila kufuatisha midomo kwenye kanda. Mwimbaji Bi Kidude alipanda jukwaa hili akiwa na umri ambao wengine hawainuki kitandani, hadi karibu na kifo chake Aprili 2013. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Kwa hiyo, katika kufunga mizigo, bajeti ya tiketi haifai kuwa kitu cha kuvizia punguzo au kuomba kwa anayejuana na mlinzi. Mtu anayedai anapenda muziki wa kwetu na alipie kiingilio. Tarehe nazo ziangaliwe kila mwaka, maana Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka na tamasha haliwezi kuangukia ndani yake. Mwaka 2025, kwa mfano, lilikuwa Februari 14 hadi 16, wiki mbili tu kabla ya mfungo.

Shangazi alikuja nami, amevaa dera jipya na kutia udi nguo zake. Kwanza akazikataa sponji zangu. Bendi iliyofungua ilikuwa na besi iliyotikisa kifua, na baada ya wimbo wa pili akaninyooshea kiganja bila kusema neno. Nikamwekea mwenyewe, nikivuta sikio lake kama nilivyoeleza, naye akacheka kwa mtekenyo.

Kisha ikaja taarabu. Unguja ndiko kwenye Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 na Culture Musical Club ya 1958, na tangu 2002 kuna chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kinachofundisha vijana kanuni, udi na fidla. Msichana mdogo alikuwa amepakata kanuni magotini, vidole vyake vikikimbia juu ya nyuzi huku macho ameyaelekeza kwa mwimbaji tu. Wanawake walianza kusogea mbele mmoja mmoja, mkono juu, noti imekunjwa kati ya vidole viwili. Shangazi akanisukuma. Nilifungua fundo la kanga, nikatoa noti ya elfu mbili, nikaenda kwa mwendo wao, taratibu, kwa mapigo ya dumbaki, nikamtuza mwimbaji, naye akanipokea kwa kichwa bila kukatisha mshororo. Nimesikiliza taarabu redioni maisha yangu yote. Sikuwa nimejua kwamba msikilizaji naye ana sehemu yake ya kucheza, na kwamba anatakiwa kuja nayo kutoka nyumbani.

Usiku ulikuwa umeenda sana walipopanda akina mama wenye ngoma za muheme. Nilizitambua kabla sijaona nyuso zao: ngoma imebanwa kati ya mapaja, viganja viwili vinapiga, mabega yanajibu. Muziki wa Wagogo, ndani ya ngome ya Waomani, mbele ya watu waliotoka kila pembe ya dunia. Nilimgeukia shangazi. Alikuwa ameshavua viatu. Akapaza salamu ya kwetu kwa nguvu zake zote: "Mbukwenyi!" Mama mmoja jukwaani akainua kichwa, akatafuta katikati ya watu, akaitikia, na shangazi akaanza kutikisa mabega kwa namna ambayo nilidhani ameiacha Dodoma zamani kabla mimi sijazaliwa. Nilitandua kanga chini ya miguu yake ili nisiipoteze, nikajiunga naye.

Tulipita Forodhani kula urojo, kisha tukarudi kwa miguu kupitia Darajani, viatu mkononi. Kigogo chake kilikuwa kimemrudia chote, akakisema njia nzima, akiniuliza habari za watu waliokwishakufa na za miti iliyokwishakatwa. Kwenye ngazi za Michenzani akasimama kupumua.

"Mwakani zabibu lete, lakini shanta iache wazi nusu. Nataka mlenda wa kukausha, wa mama yako mwenyewe, si wa sokoni. Na karanga. Na yeye mwenyewe mama yako mlete."

"Na mguu wake, shangazi?"

"Atakaa kwenye kiti. Kiti nitakibeba mimi."